Tadao Ando: sifa ya kujifundisha, na gharama ya zege tupu

Habari za Tadao Ando, msanifu majengo wa Kijapani, hazikosi ndondi. Mzaliwa huyu wa Osaka, 1941, alipigana ndondi za kulipwa ujanani, hakukanyaga chuo cha usanifu majengo, akajifunza kwa kufuatisha michoro ya Le Corbusier, msanifu majengo mashuhuri wa Ufaransa, kwenye kitabu cha mtumba. Mwaka 1965 alifunga safari ya Ulaya akitamani kuonana naye. Alipofika Paris, mzee alikuwa ameshafariki. Ofisi yake aliifungua 1969, na 1995 akatunukiwa Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya usanifu majengo duniani. Ni hadithi tamu, na ya kweli. Wasiwasi wangu ni kwamba utamu wake umetuzoesha kumsamehe mapema mno.

Chukua nyumba ya Azuma, mtaa wa Sumiyoshi, Osaka, iliyokamilika 1976. Kiwanja kina upana wa mita 3.3 hivi na urefu wa kama mita 14, kimebanwa na nyumba za mbao. Ando akasimamisha sanduku la zege lisilo na dirisha upande wa barabarani, akaligawa mafungu matatu, na fungu la katikati akaliacha wazi, bila paa. Anayetoka chumbani usiku wa mvua kwenda msalani hushika mwavuli. Wanaomtetea husema msomi wa chuo asingethubutu, na kwamba ua ule unaingiza mwanga na hewa mahali ambapo pangekuwa giza tupu. Sawa. Lakini chuo hichohicho kingemkumbusha kwamba Osaka ina baridi, na zege tupu halizuii baridi.

Hata neno “kujifundisha” lina mipaka. Kuta zake hazipigwi plasta wala rangi, kwa hiyo kosa la fundi halina pa kujificha. Mbao za kumwagia zege, sentimita 90 kwa 180, sawa na tatami, mkeka wa sakafuni wa Kijapani, zisipobana vizuri, uji wa saruji huvuja na ukuta hutoka na matundu ya kokoto. Ulaini ule tunaoupiga picha umetoka mikononi mwa maseremala wa Kijapani waliofunzwa kazi kwa miaka. Hao hawatajwi kwenye tuzo.

Mvutano mkali zaidi uko kwenye Kanisa la Nuru la 1989, mjini Ibaraki karibu na Osaka, ambako ukuta wa nyuma ya madhabahu umechanwa umbo la msalaba ili jua lipenye. Ando hakutaka kioo kwenye msalaba huo. Waumini, wakiogopa baridi, walitaka kiwekwe, na kikawekwa. Hakuridhika: kwenye maonyesho yake Tokyo mwaka 2017 alijenga nakala ya ukubwa uleule, bila kioo. Ukiitazama kama sanaa, yuko sahihi, maana mwanga na upepo huingia pamoja. Ila nakala ile haikuwa na ibada ya Januari. Kwa nyumba ya Azuma nampa haki Ando, kwa kuwa wenye nyumba waliendelea kuishi humo miaka mingi. Kwa kanisa, nasimama na waumini.