Foleni ilionekana, chupa hazikuonekana

Mbukwenyi, ndugu zangu.

Binamu yangu wa Area C, Dodoma, alinipigia simu Novemba 2025, wiki ile Hispania ilipotimiza miaka 50 tangu Jenerali Franco afariki. Alikuwa amesikia kwamba siku ile ya mwaka 1975 kuna watu walifungua mvinyo. "Hao wazungu wako hawana utu," akaniambia. "Maiti haishangiliwi. Huku kwetu hata mchawi akifa tunasema Mungu amlaze mahali pema." Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa Madrid, kazi yangu ni kutunza wazee, na nilikuwa na la kumjibu. Bando likamwishia. Basi namjibu hapa.

Franco alishika nchi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939, akatawala mpaka alipokata roho tarehe 20 Novemba 1975 akiwa na miaka 82. Saa nne asubuhi waziri mkuu wake, Carlos Arias Navarro, alitokea kwenye televisheni kutangaza msiba huku sauti ikimkatika kwa kilio. Mwili ukawekwa kwenye Kasri la Kifalme, na mamia ya maelfu ya watu wakapanga foleni kwenda kuuaga. Picha za foleni ile zimejaa mpaka leo. Picha za waliokunywa ni za kutafuta kwa tochi, na hapo ndipo binamu yangu anapopotea.

Kuna bibi niliyemtunza kwa miaka kadhaa mtaa wa Vallecas, ambao tangu zamani ni mtaa wa vibarua na wafanyakazi. Mwaka 1975 alikuwa mama wa miaka 42, na habari ilimkuta anapiga pasi. Wanawe walifurahi, lakini si kwa siasa: shule zilifungwa. Mumewe alikuwa na chupa ya cava, ule mvinyo wao wenye povu, ameificha juu ya kabati tangu wiki Franco alipolazwa. Usiku waliinywa watu watatu. Ila kabla ya kuifungua walifunga madirisha, wakashusha mapazia, wakaongeza sauti ya redio ili kizibo kikifyatuka jirani asisikie. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa amevaa nguo nyeusi. Asubuhi wakakutana kwenye ngazi, na bibi yangu huyu akampa mkono wa pole. Baba yake mwenyewe alichukuliwa na askari wa Franco mwaka 1939, hakurudi, na kaburi lake halijulikani lilipo. Bado alitoa pole, tena kwa uso wa majonzi.

Sasa mtu aliyepita mtaani siku ile angeandika nini? Angeandika kwamba Vallecas wameomboleza.

Sisi nasi tulikuwa na wetu, ingawa alikuwa wa jirani. Nilipokuwa mdogo nilidhani Nduli ni jina ambalo Idi Amin alipewa na wazazi wake, maana sikuwahi kulisikia bila hilo mbele. Baba yangu mdogo alikuwa mgambo, akachukuliwa mwishoni mwa 1978 baada ya Amin kuvamia Kagera na Mwalimu kututangazia kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na baba mdogo alikuwemo. (Nyumbani tuliambiwa tufunge mkanda kwa miezi 18. Hiyo miezi sijui iliisha lini.)

Tarehe 16 Agosti 2003 redio ikasema Amin amefia Jeddah. Tulikuwa kilabuni Chang'ombe, wanzuki iko mezani. Vijana wakapiga makofi, mmoja akawanunulia watu wote. Baba mdogo akauliza swali moja tu: "Kafia kitandani?" Wakamwambia ndiyo, hospitalini, huko huko Saudia alikokuwa akiishi miaka yote. Akaweka kopo chini, akatoka kama anayekwenda kujisaidia, hakurudi. Kwa hiyo, binamu, maiti tumeshashangilia, na wewe ulikuwepo na kopo lako lilijazwa. Hatukushusha pazia kwa kuwa Amin hakuwa na askari Dodoma.

Jambo gumu ni kusema ukweli juu ya aliyekutawala wewe mwenyewe. Bibi yangu mzaa baba alihamishwa kwenye Operesheni Dodoma, ule mpango wa serikali ya Mwalimu wa kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, mwaka 1971. Tembe lao lilikuwa upande wa Bahi. Walipelekwa kijiji kipya, wakapimiwa kiwanja kwenye mstari kama darasani, na ng'ombe kadhaa wakapotelea njiani. Mpaka anazeeka, akisema "nyumbani" alikuwa anamaanisha kule. Lakini Mwalimu alipofariki, tarehe 14 Oktoba 1999, bibi alijifunga kanga kiunoni, akalia, hakutia kitu mdomoni mpaka kesho yake jioni. Nikamuuliza, bibi, si ndiye aliyewahamisha? Akanijibu, "Namlilia yeye, na tembe langu nalikumbuka. Vyote vyangu." Nisieleweke vibaya, simlinganishi Mwalimu na Franco hata kidogo. Nasema tu kwamba machozi ya bibi yalionekana na tembe halikuonekana, na mpiga picha asingejua.

Sasa hapa ndipo ninapojivunia kwetu. Yule mkubwa wa kijiji aliyesimamia kuhamisha watu, simtaji, wajukuu zake wapo, alipofariki miaka ya tisini alikuja kuzikwa na watani, Wahehe. Mmoja akavaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akapita katikati ya waombolezaji kwa mwendo ule ule wa kifua mbele: "Wewe, bomoa! Na wewe, panda lori! Mbuzi huyo mwache, atakula kamati!" Mwingine akarukia kaburini akajilaza chali, akasema hatoki mpaka marehemu alipe ng'ombe za watu. Mjane alicheka mpaka kanga ikamwanguka begani. Wazee wakachanga shilingi, wakamtupia, akazihesabu akiwa amelala kule chini, akalalamika kuwa ni chache, akatoka. Mazishi yakaendelea, na watu wakalia sawasawa. Bibi yangu alikuwepo. Njiani kurudi alikuwa anaimba.

Huku Madrid misiba ni jumba la vioo, watu wananong'ona kwa muda wa saa mbili, kesho wako kazini. Hakuna turubai wala daftari la rambirambi, na hakuna mtani wa kumsuta maiti mbele ya mjane wake. Wahispania walipitisha sheria ya msamaha mwaka 1977, mafaili yakafungwa, wakakubaliana kutosema. Franco akabaki amelala kwenye hekalu lake la Valle de los Caídos, lililochongwa mlimani kwa jasho la wafungwa pia, pamoja na miili zaidi ya 33,000 ya pande zote mbili za vita, mingine ikiwa imehamishiwa humo bila ndugu kuulizwa. Nakiri kwamba na sisi mtani wetu anafika kaburi la mwenyekiti wa kijiji tu. Kwa wakubwa zaidi anasoma wasifu MC mwenye suti, na wasifu hauna ng'ombe waliopotea.

Tarehe 24 Oktoba 2019 ndipo walipomfukua Franco. Familia ilibeba jeneza mabegani, likapakiwa kwenye helikopta, likapelekwa makaburi ya Mingorrubio alikozikwa mkewe. Tuliangalia pamoja, mimi na yule bibi wa Vallecas, wakati huo ana miaka 86. Nilidhani ataomba cava. Akaomba chai, kisha akaniambia nipunguze sauti ya televisheni na nishushe mapazia.

Nikamwambia, bibi, sasa ni 2019.

"Mwaka naujua," akasema. "Shusha."

Nikashusha.