Nani anajua chumba anacholala bibi?

Nyumba nyingi za kale mitaani kwetu Mombasa, Majengo kwa mfano, zina ukumbi mrefu wa katikati, vyumba huku na huku, mlango wa mbele na pengine wa uani. Madirisha yana nondo kwa kuhofia wezi. Mzee asiyejiweza huwekwa chumba cha ndani, penye utulivu. Jioni anawashiwa dawa ya mbu karibu na kitanda. Stima ikipotea, mshumaa. Mwanawe akienda kazi ya usiku humfungia kwa nje, kwa mapenzi kabisa, asije akatoka akapotea. Godoro la sponji likishika moto, moshi wake wenye sumu hujaza chumba kabla jirani hajaona mwanga. Gari la zimamoto, hata likiwahi, vichochoro vya Mji wa Kale haliviingii.

Kifo cha namna hii huzuiwa siku nyingi kabla ya moto, na watu ambao si wazimamoto. Mhudumu wa afya wa nyanjani, mmoja wa takriban 100,000 waliozinduliwa nchini mwaka 2023, anajua bibi huyu ana kiharusi. Ofisi ya chifu inamjua kwa sababu ya shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, kila mwezi. Fundi wa stima ameziona nyaya zilizochubuka. Lakini Katiba ya 2010 iliweka zimamoto na zahanati chini ya kaunti, chifu yuko chini ya serikali kuu, na stima ina shirika lake. Kila mmoja ameshika kipande chake, na zimamoto, ambao ndio watakaoitwa, hawana hata kimoja.

Dawa ni hawa wote kupashana habari za bibi kama huyu. Wanaopinga wana hoja nzito. Orodha ya wazee wanaolala peke yao ni hazina kwa mwizi. Zipo familia zinazomsitiri mgonjwa wa akili, na karatasi ikizagaa, siri imekwisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na ni sawa. Isitoshe, mhudumu yule hulipwa posho ndogo. Kumwongezea kazi bila malipo ni kumwonea.

Hata hivyo hofu hiyo isitufunge mikono. Moto wa Grenfell, jengo refu la makazi jijini London, Juni 2017, uliua watu 72, wakiwemo walemavu, baadhi yao wasioweza kushuka ngazi peke yao. Mwaka 2019 uchunguzi ulishauri kila mkazi wa aina hiyo awe na mpango wake wa kuokolewa. Serikali ya Uingereza ikasita kwa miaka, ikihoji kama jambo hilo linatekelezeka.

Kwa maoni yangu, zimamoto hawana haja ya kujua maradhi ya mtu. Wajue nyumba ipi, chumba kipi, na jirani gani ana ufunguo wa pili, tena kwa ridhaa ya mwenyewe. Sheria hiyohiyo ya data haizuii hilo. Mhudumu alipwe kwa ziara hiyo, na akiona hatari awe na afisa mmoja wa kumpigia, anayewajibika kuleta fundi au kumwita mwana. Kitanda kihamie chumba cha mbele. Dawa ya mbu iwekwe juu ya bati lenye mchanga, mbali na shuka. Wapo wanaosema pesa ziende kwanza kwenye magari na mabomba ya maji. Yanahitajika, sikatai, ila asiyeweza kuinuka hana muda wa kungoja gari.

Kinachonitatiza bado ni mzee mwenye akili timamu anayekataa kuingiliwa chumbani. Ni haki yake. Lakini chini ya paa lile wamelala wapangaji wengine na watoto wao. Hapo sioni sheria ya kumlazimisha, wala siitaki. Ningependa mzee wa mtaa au imamu anayemheshimu arudi kwake mara ya pili, na ya tatu, na lile bati la mchanga mkononi.