Karibu Peke Yake Haimfikishi Mgeni Darasani

Mwaka wa masomo ukianza, mabango ya kukaribisha wanafunzi wapya hutundikwa kwenye malango ya vyuo vyetu vya Dodoma. Ndani ya wiki moja kijana aliyetoka Lusaka au Juba hukalishwa ukumbini akahutubiwa na kila mwenye ofisi: wa maktaba, wa mabweni, wa michezo, wa usalama, wa kompyuta. Anapigwa picha, anapewa soda na keki. Wiki ikiisha, hakuna anayemuuliza tena kitu mpaka mitihani. Maoni yangu ni kwamba utaratibu huu tumeupanga kwa faida ya wahutubiaji, na mgeni haumsaidii sana.

Nayasema haya nikiwa nyuma ya mashine ya fotokopi. Nina steshenari jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), upande wa Ng'hong'honha, na wanafunzi huniita anko. Anayetaka kopi ya pasipoti, picha ndogo za fomu, kitini cha mwalimu au barua ya kupeleka ofisini, lazima apite kwangu au kwa wenzangu wa mtaa huu. Kwa hiyo matatizo ya wageni nayaona yakiwa bado mabichi, kabla hayajafika kwa mshauri wa wanafunzi, na mengine hayafiki kabisa. Nilichokiona ni kwamba ukarimu tunao wa kutosha, hata wa kumwaga. Tunachomnyima mgeni, bila kukusudia, ni habari.

Chukua laini ya simu. Mwenyeji akitaka laini, anasimama kwenye mwavuli wa wakala pale kituoni, anataja namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, anabonyeza kidole, basi. Mgeni hana namba ya NIDA. Yeye husajiliwa kwa pasipoti, na mara nyingi itambidi aende hadi duka lenyewe la kampuni ya simu mjini. Hakuna anayemwambia hivyo siku ya kwanza. Anachoambiwa na mwenzake wa chumbani ni: "Usihangaike ndugu yangu, nitakusajilia kwa jina langu." Ni wema mtupu! Mgeni anashukuru, anaanza kutumia M-Pesa, nyumbani wanamtumia hela ya chakula kwa kupitia jamaa wa Dar, kila kitu kinapita kwenye laini ile. Sheria inataka laini iwe na jina la anayeitumia, lakini tuliache hilo kwanza. Muhula ukiisha mwenye jina anakwenda kwao Sumbawanga, mgeni anakosea namba ya siri mara tatu, na hela yake iko ndani. Akienda dukani anaulizwa jina, anajikuta anataja jina la mtu mwingine. Nimewaona wa namna hiyo wakija kuniomba niwaandikie barua, kana kwamba barua yangu ingefungua kitu. Dakika tano za maelezo siku ya kwanza, pamoja na mtu wa kumsindikiza dukani, zingemwepusha na yote hayo.

Kibali cha ukaazi nacho ni hivyohivyo. Mwanafunzi wa kigeni huombewa daraja C, lilelile la watafiti na wanaojitolea, na maombi siku hizi hufanywa kwenye mtandao wa Uhamiaji. Kazi yenyewe si ngumu: barua ya udahili, kurasa za pasipoti, picha, barua ya chuo. Ugumu uko kwenye mpangilio. Mgeni anaambiwa alete karatasi A ili apewe karatasi B, na ofisi ya B inataka aje na karatasi ambayo ofisi ya A inasema hutolewa mwisho. Katikati ya mzunguko huo viza aliyoingia nayo inakaribia kwisha muda. Kichekesho ni kwamba makao makuu ya Uhamiaji yako hapahapa Dodoma. Mwanafunzi aliyeko Mbeya au Mwanza angetamani bahati hiyo. Sisi tungeweza kabisa kumwomba ofisa wa Uhamiaji aje chuoni siku moja, akae na meza yake, aangalie makaratasi ya wageni wote kwa pamoja na kumwambia kila mmoja kilichopungua. Sijui kwa nini hotuba ya michezo inapata nafasi kwenye ratiba na meza hiyo haipati.

Sasa lugha. Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa hiyo mnivumilie.

Kwenye karatasi, chuo kikuu cha Tanzania hufundisha kwa Kiingereza. Mzambia au Mnaijeria anakuja akiamini hivyo, na kwa sehemu yuko sahihi: muhadhara ni wa Kiingereza, kitini ni cha Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza. Lakini chuo hakiendeshwi na mihadhara. Kinaendeshwa na kundi la WhatsApp la darasa, na mwenye kundi ni CR, yaani kiongozi wa darasa. Humo ndimo anaposema kipindi kimehamia chumba kingine, Dokta (mhadhiri) ameahirisha, makundi ya kazi yamepangwa na majina ni haya, mwisho wa kukusanya ni leo jioni. Yote kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha vijana chenye vifupisho ambavyo hata mimi mtu mzima hunipa shida. Mgeni anaona ujumbe sitini haujasomwa, hajui upi ni wa mpira na upi ni wa mtihani. Ongeza na saa zetu. Ujumbe ukisema "testi kesho saa 2", sisi wote tunajua ni asubuhi mapema baada ya chai. Mnaijeria anakuja baada ya chakula cha mchana.

Na kuna wa upande wa pili, ambao hatuwafikirii kabisa kwa sababu tunawaona ni ndugu. Kijana aliyekulia Buyenzi, pale Bujumbura, au Goma, au Bukavu, anaongea Kiswahili vizuri. Anacheka utani wa Dokta kuliko darasa zima. Lakini yeye amesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi. Utani anaupata, muhadhara haumwingii. Kwa kuwa anachangamka vijiweni na ana marafiki kila bweni, hakuna anayehisi kuwa anazama, naye hasemi. Huyu anahitaji masomo ya kuandika Kiingereza cha kitaaluma kuanzia wiki ya kwanza, huku Mzambia akihitaji Kiswahili cha kuishi nacho. Sisi tunawakalisha ukumbi mmoja na kuwapa hotuba moja.

Dawa ya suala la CR ni ya bei rahisi kiasi kwamba inaniudhi. Mwambieni CR kila tangazo la ratiba, mtihani na kazi aliandike kwa Kiingereza pia, mstari mmoja tu, na saa aiandike kwa namba za kwenye ratiba: 8:00 au 14:00. Utani na mpira ubaki kwa Kiswahili, mgeni ajifunzie humo. Mkuu wa ndaki, yaani koleji ndani ya chuo kikuu, akiliagiza Jumatatu, Jumanne limeshaanza kufanyika.

Mazingira yenyewe ya chuo yanahitaji mwenyeji wa kutembea nawe. UDOM ilifunguliwa mwaka 2007 na imetawanywa juu ya vilima. Kutoka ndaki moja kwenda nyingine kwa miguu jua la Novemba ni adhabu. Mgeni akiambiwa "nenda Chimwaga" hajui kwamba tunataja eneo lenye ukumbi uliokuwa wa mikutano mikuu ya CCM kabla chuo hakijakuwepo, na kibao hakimsaidii kwa sababu wenyeji tunatumia majina ambayo hayamo kwenye vibao. Wale wa Chuo Kikuu cha St. John's, kilichorithi majengo ya sekondari ya zamani ya Mazengo, wako mjini na hali yao ni nafuu kidogo, ingawa Mkenya akisikia chuo chake kiko mtaa wa Kikuyu, jina la kabila la kwao, lazima kwanza acheke.

Kuhusu ugonjwa niseme kwa kifupi. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko ndani ya eneo la UDOM, kubwa, inavutia, na mgeni mwenye homa huenda moja kwa moja huko kwa sababu ndiyo anayoiona. Ni hospitali ya rufaa. Kwa homa na tumbo aanzie kituo cha afya cha chuo, na kabla ya yote ajue bima yake inatambulika wapi. Hilo asilijue siku anaumwa.

Hali ya hewa na maji, vivyo hivyo. Watu huja na picha ya Afrika ya Mashariki yenye minazi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ni kavu, mvua zake hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili, na mgeni anashuka kwenye treni, au kwenye basi stendi ya Nanenane, wakati wa joto kali na vumbi jekundu. Maji ya mji hutegemea sana visima vya Mzakwe na hayatoki kila siku kila mtaa. Anayepanga geto, yaani chumba, nje ya chuo anunue ndoo na dumu kabla hajanunua pazia. Na mwenye nyumba akimtajia kodi kwa dola, akumbuke kwamba tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza kuuza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Hiyo nayo nimelazimika kuwaeleza watu dukani kwangu, huku mwenye nyumba amesimama nje anasubiri.

Narudi kwenye lile la muda, ambalo ndilo kiini cha malalamiko yangu. Wiki ya kwanza mgeni hawezi kuelewa habari za kozi weki (alama za testi na kazi za muhula) na UE (mtihani wa mwisho) hata umweleze kwa vibonzo. Hajaona testi yoyote. Hajui kwamba testi ndogo anayoidharau inaweza kumzuia kuingia mtihani wa mwisho, hajui sapu (mtihani wa marudio) ni nini, hajui kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Maneno hayo yanaanza kuwa na maana wiki ya sita hivi, matokeo ya testi ya kwanza yakibandikwa. Huo ndio wakati wa kumwita tena, yeye na wenzake wachache, wakae kwenye kimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, na mtu aliyepita njia hiyohiyo mwaka uliotangulia, aulize anachotaka bila kuogopa kipaza sauti. Huo pia ndio wakati upweke unapoanza kuuma: shamrashamra zimeisha, wenyeji wanakwenda kwao mwisho wa wiki, na simu ya nyumbani ni ghali.

Mtu huyo asiwe wa kujitolea. Najua hapa wengi watanipinga. Watasema mwanafunzi wa Kitanzania ana moyo, hahitaji kulipwa ili amsaidie mwenzake. Moyo anao, nimeshausifu. Lakini mwenye moyo, boom (hela ya mkopo wa kujikimu) likichelewa, huenda kutafuta hela ya kula, na mgeni wake anabaki. Ukimlipa mwanafunzi wa mwaka wa pili posho ndogo ya mwezi kwa muhula mmoja, ukampa wageni watano na orodha ya mambo ya kukamilisha (laini, kibali, bima, mfumo wa usajili, kadi ya maktaba), una mtu wa kumuuliza: je, wa kwako wote wana laini zenye majina yao? Anayejitolea humuulizi.

Nimeambiwa pia kwamba hata mwaka wa kwanza wetu kutoka Kibondo au Newala hutaabika vilevile, kwa nini mgeni apendelewe. Ni kweli hutaabika, na nusu ya niliyoyaandika yanamhusu. Tofauti ni kwamba wa Kibondo akikwama ana namba ya mjomba aliyepo Area C hapa mjini, na hakuna muhuri kwenye pasipoti unaomhesabia siku.

Fedha za posho zipo. Vyuo vyetu vingi huwatoza wageni ada kubwa kuliko wenyeji, na hakuna mgeni aliyewahi kunieleza ile ziada inamnunulia nini. Chuo kichukue sehemu yake ndogo, kiwalipe waongozaji kuanzia muhula ujao, na keki ya ukumbini ipungue ukubwa ikibidi.