Ile Hela Tuma kwa Kireno

Kireno nilikifuata kwa sababu ya posho, sitaki kumdanganya mtu kwamba ni mapenzi ya lugha. Kule Mtumba, kwenye ofisi za Serikali, zilivuma habari kwamba wanaojua Kireno ndio watakaopangiwa safari za Maputo na Luanda, maana SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ina nchi zake zinazotumia lugha hiyo. Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya SADC tangu 2019, kwa hiyo ningeweza kutulia na lugha niliyozaliwa nayo. Lakini nani aliwahi kusikia neno posho akatulia?

Darasa ni la jioni, watu tunaingia na vumbi la Dodoma mpaka kwenye kope. Mwalimu wetu, dada aliyekulia Msumbiji, hutufariji kwamba meza, bendera na leso tulizipata kwa Wareno, eti safari tumeshaianza zamani. Haya, fika Maputo usiku uombe chumba kwa meza na bendera tuone. Nikaamua kujinoa kwa wale wanaofundisha bure mtandaoni, nikarudi darasani nasema "vinchi" badala ya "vinte", yaani ishirini. Mwalimu akanitazama kwa huruma. "Kaka, hicho cha Brazil. Wewe si ulisema unakwenda Msumbiji?"

Kilichonishinda kabisa ni zile sauti za puani. Não, pão, milhão. Mwalimu akisema "não" unasikia mtu anakataa. Nikisema mimi inakuwa "nao", utafikiri naulizia wenzangu wamekwenda wapi. Mzee mmoja mstaafu ninayekaa naye dawati moja akaninong'oneza siri: bana pua na kibanio cha nguo, itatoka yenyewe. Ana mvi, anavaa koti hata wakati wa joto. Ningemkataliaje?

Kazi ya nyumbani ya wiki ile ilikuwa kujirekodi ukihesabu kwa mamia, kisha uigize mnunuzi analalamikia bei, halafu utume kwenye kundi la darasa. Mamia ya Kireno yana hila. Duzentos, trezentos, quatrocentos, umeshaukamata mwendo, ukifika 500 wanakugeuzia kibao: quinhentos! Nikasubiri watoto walale, nikajifungia stoo kati ya gunia la mkaa na ndoo za alizeti, nikabana pua, nikatoa sauti yote niliyojaliwa. "Quinhentos mil meticais! Não tenho dinheiro! Agora, por favor!" Yaani laki tano za Msumbiji, sina hela, sasa hivi, tafadhali. Nilipokuwa nagusa kundi la darasa ili niitume, ujumbe mpya ukaingia, orodha ikaruka, kidole kikatua kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu.

Ambayo mhazini wake ni mimi.

Nikaweka simu kwenye chaji nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Asubuhi jumbe zimejaa mpaka simu inaganda. Shangazi ndiye aliyeanza: "Jamani, mhazini kapatwa na nini? Mbona sauti kama ya mtu aliyefungwa plasta mdomoni?" Mwingine akajibu: "Huyo siye. Kadukuliwa. Hao ni wale wa 'ile hela tuma kwenye namba hii', sasa wameenda kimataifa." Mpwa wangu mmoja, wa wale wanaojua kila kitu, akathibitisha kwamba ni Kihispania na kwamba wanataja kiasi wanachokitaka. Baba mdogo, mwenyekiti wetu, akafunga mjadala kwa herufi kubwa: MSITUME MCHANGO WOWOTE KWA MHAZINI MPAKA MTAKAPOTANGAZIWA. Kisha akanitoa kwenye kundi.

Harusi ni Jumamosi. Ukumbi tunadaiwa, mpishi anataka hela ya nyama mkononi.

Nikampigia. "Shikamoo, Baba mdogo."

Kimya. Kisha: "Marahaba yangu siitoi mpaka nijue naongea na nani. Siku hizi akili mnemba inatengeneza hata sauti za watu."

Akaniunganisha na Babu aliyeko Mvumi. Babu ana kitochi tu, hajui WhatsApp inafananaje, lakini katika ukoo wetu ndiye mahakama ya rufani.

"Mbukwenyi, Babu."

"Salamu hata tapeli anajifunza. Mbuzi niliyekupa ulipofaulu darasa la saba alikuwa na rangi gani?"

"Hukunipa mbuzi, Babu. Uliniahidi."

Babu akacheka mpaka akakohoa. "Ndiye huyu. Mrudisheni."

Nikarudishiwa uhazini, ila hasara ilikuwa imeshaingia. Wale waliokuwa wananikwepa na ahadi zao tangu kamati ilipoanza walikuwa wamepata kichaka cha kujifichia. "Nilikuwa natuma usiku uleule, kidole kiko kwenye kitufe kabisa, nikaona tangazo." Mmoja mwenye ahadi ya laki mbili aliniambia teknolojia imeanza kumtisha. Inamtisha mpaka leo. Ukumbini alikuja na kadi ya dabo, na pilau alirudia.

Jumatatu yake darasani niliingia mikono mitupu. Kwa bahati mwalimu hakuanza na kazi za nyumbani. "Nimetumiwa kitu na shemeji yangu," akasema. "Sikilizeni vizuri, mjihadhari." Akaweka simu kwenye spika. Juu ya ile sauti kulikuwa na maandishi: TAHADHARI! UTAPELI MPYA DODOMA. Ilikuwa imeshasambazwa mpaka WhatsApp yenyewe imeweka alama.

Nikatoka mimi, na kibanio changu.

Mzee wa dawati akainamia daftari, mabega yanatikisika. Mwalimu akairudia tena, safari hii na kalamu mkononi, maana mwalimu ni mwalimu. "Kwanza, sauti za puani hana. Huyu ana mafua. 'Por favor' kwa tapeli ni adabu nzuri, tumpongeze. Lakini quinhentos mmeisikia? Mmesikia alivyoitoa? Humu ndani hakuna anayemfikia. Mimi nampa saba kwa kumi."

Kisha akanigeukia. "Haya kaka, ya kwako iko wapi?"

Nikamuuliza kama alama za tapeli zinaweza kuhamishiwa kwa mwanafunzi mwingine.