Observer mpya si rangi tu

Kuna mwandishi anayesema kwamba Observer: System Redux, mchezo wa video wa kutisha wa 2020, ni Observer ileile ya 2017 iliyopakwa rangi. Hapana bwana! Zimeongezwa kesi tatu mpya za kupeleleza, achilia mbali mwanga na sura za watu. Ila kinachotisha humo si picha. Ni pale mpelelezi Lazarski, kwenye jengo chakavu la wapangaji huko Kraków mwaka 2084, anapojiunganisha na ubongo wa marehemu na kuanza kuziishi hofu zake, mpaka hujui ipi ndoto ipi kweli. Na sauti ya Lazarski, ya mwigizaji Rutger Hauer (aliyefariki 2019), nzito, imechoka kabisa. Zile sehemu za kujificha dubwana lisikuone ndizo wangezifuta, zinaboa tu.