Kichanga kwa Mkapa siku ya derby: mzazi aende au abaki nyumbani?

Kila Simba na Yanga zinapokutana kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, haikosi picha ya mzazi aliyempakata mtoto mchanga jukwaani, jezi inamfika mtoto miguuni, na safu ya nyuma watu wanapuliza vuvuzela. Ubishi unaofuata tunaujua. Wengine wanamwona mzazi huyo hana huruma. Wengine wanasema mtoto ni wake, na mpira ni wa familia nzima. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, ila hazina uzito sawa, na mengi yanategemea umri wa mtoto, mechi yenyewe na namna alivyopita getini.

Tuanze na masikio, maana ndiyo yanayotajwa sana na kueleweka kidogo. Kwa mtu mzima kazini, kikomo cha kelele kinachotumika na wataalamu wengi ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 8. Kelele ikipanda kwa desibeli 3, muda salama unakatika nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Uwanja uliojaa hupita 90 kwa urahisi, na bao likiingia hupita 100. Vuvuzela ndiyo mbaya zaidi. Wakati wa Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini ilipimwa, ikaonekana kwamba hata mtu aliyekaa mita 2 kutoka mdomo wake anapokea zaidi ya desibeli 110. Hesabu hizo zote ni za watu wazima. Mfereji wa sikio la mtoto mchanga ni mfupi na mwembamba, hivyo sauti kali na nyembamba humfikia kwa nguvu kuliko inavyomfikia mama aliyembeba.

Hapo hujibiwa kwamba mtoto wa Dar kazoea. Kazaliwa Manzese au Mbagala, kigodoro, ile ngoma ya mtaani, kinapigwa mtaa wa pili mpaka alfajiri na yeye analala fofofo. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu anayeitoa anaishi maisha hayo, na si haki kumfanya mama wa uswahilini aonekane mzembe kwa kelele ambazo hakuzileta yeye. Lakini kinachozoea ni usingizi. Zile seli ndogo za ndani ya sikio zinazopokea sauti hazizoei chochote, na zikifa hazioti tena. Mtoto aliyelala jukwaani anaumia sawasawa na aliye macho, tofauti ni kwamba huyu hatalia kukujulisha. Na kama usiku mzima kalala pembeni ya spika za kigodoro, basi kesho yake ndiyo anahitaji utulivu zaidi.

Sasa upande wa pili, ambao kwa kweli huwa hausikilizwi vizuri. Wataalamu wa afya wanamtaka mama amnyonyeshe mtoto maziwa yake tu kwa miezi 6 ya mwanzo, bila hata maji. Ukienda kwenye derby ya saa 11 jioni kwa tiketi ya mzunguko, ile ya bei ya chini, unaingia mchana mapema, au hata asubuhi, ili upate pa kukaa. Ongeza safari ya kwenda Temeke, uwanja ulipo, na foleni ya kurudi: hizo ni saa 8 au zaidi. Mama anayenyonyesha hawezi kumwacha mtoto muda wote huo, labda awe amekamua maziwa na ana mtu wa kumwamini nyumbani. Kumwambia "muache mtoto" ni kumwambia abaki. Baba wa mtoto huyohuyo yupo jukwaani toka asubuhi na hakuna aliyemuuliza kamwacha nani na mtoto. Kwa nchi ambayo wanawake wamejaa majukwaani, wanalipa kadi za uanachama, wanaimba mpaka sauti zinakauka, jambo hili si dogo. Wapo pia wanaosema jukwaa lenye akina mama na watoto lina matusi machache na vurugu chache, na kwa niliyoyaona naamini kuna ukweli.

Wanaotetea hupenda pia kutaja picha ya Drew Brees, mchezaji wa mpira wa Kimarekani. Februari 2010, baada ya timu yake, New Orleans Saints, kushinda Super Bowl, fainali ya ligi ya mchezo huo, kule Miami, Brees alimnyanyua mwanawe Baylen katikati ya makaratasi yanayodondoka. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na wiki chache, na masikioni alikuwa amevaa vile vifunika vikubwa kama hedifoni, vinavyozuia kelele. Picha ile iliwafundisha wazazi wengi kwamba kinga ipo, na ni kweli: vifunika vizuri vinavyombana mtoto sawasawa hupunguza kama desibeli 20 hivi. Pamba haitoshi, na vile vizibo vidogo vya sponji si vya mtoto mdogo, atavichomoa na kuvitia mdomoni. Ila kuna kitu ambacho picha haikuonyesha. Mtoto wa mchezaji hapiti kwenye msukumano wa getini.

Na hapa ndipo mimi ninapokaza. Kelele unaweza kuzipunguza, geti la mzunguko huwezi. Dakika zile kabla geti halijafunguka, watu wa nyuma hawaoni walio mbele, wanasukuma tu. Mtoto yupo mgongoni kwenye mbeleko, mama hamwoni. Nimeshuhudia mama akigeuza mbeleko palepale kwenye foleni, mtoto akaja kifuani, naye akatanguliza viwiko viwili kumtengenezea mtoto nafasi ya kupumua. Uwanja wa Mkapa unachukua watu 60,000, na mechi kubwa huvuta wengine wasio na tiketi. Mei 28, 2023, siku ya mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger ya Algeria, mtu 1 alifariki na wapatao 30 wakajeruhiwa kwenye msongamano wa kuingia. Mwaka mmoja kabla, Januari 24, 2022, kwenye uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, Cameroon ikicheza na Komoro, watu 8 walikufa getini, akiwemo mtoto. Kulikuwa na lango ambalo lilipaswa kuwa wazi, nalo lilikuwa limefungwa. Kichanga kimoja kilikanyagwa, kikaokolewa na kupelekwa hospitali kikiwa hai. Wazazi waliokuwa pale hawakuwa wazembe. Walikuja kutazama mpira.

Jua silizungumzii sana, kila mtu wa pwani analijua. Kichanga hakinywi maji, na jukwaani kivuli unakipata kwa bahati.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipelekwe kwenye derby kabisa, na ninajua anayelipia uamuzi huo ni mama. Angalau baba abaki naye nyumbani kuitazama kwenye luninga, au safari hii mama aende na baba abaki, kama maziwa yamekamuliwa. Mtoto anayekaribia mwaka, mwenye vifunika masikio, kwenye mechi ya kawaida ya ligi kwenye uwanja mdogo wa Chamazi, akakaa mbali na ngoma na vuvuzela, karibu na mlango, na mzazi yuko tayari kutoka dakika ya 75 hata kama ni sare, huyo sioni sababu ya kumzuia. Akianza kukataa vifunika, safari imeisha, mnarudi nyumbani.

Nisichokubali ni kuwaachia wazazi peke yao mzigo wote huu. Jezi za vichanga zinauzwa, na tunazinunua kwa furaha. Basi pembeni ya jezi hizo viuzwe vifunika masikio. Watengewe wazazi geti lao, lifunguliwe kabla ya mengine, na kipande cha jukwaa chenye kivuli ambako vuvuzela haziruhusiwi. Tiketi za kielektroniki zinaonyesha wanaokuja ni wangapi kabla ya siku ya mechi, kwa hiyo kipande hicho kinaweza kupangwa mapema.