California: Sheria za Taka Zipo, Jaa Nalo Bado Linajaa

Ukitaja majimbo ya Marekani yaliyojitahidi kutunga sheria za taka, California huwezi kuiacha. Hata hivyo, kila mwaka jimbo hilo hufukia majaani takribani tani milioni 40. Mwaka 2011 lilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2020 asilimia 75 ya taka ziwe zinarejelezwa, zinageuzwa mboji au zinazuiwa tangu mwanzo zisizalishwe. Mwaka ulipofika, kiwango kilikuwa asilimia 42, na miaka iliyofuata kikabaki kuchezea hapo hapo.

Wapo wanaoishika takwimu hiyo na kudai kwamba urejelezaji ni kiini macho. Sikubaliani nao. Ukizitazama sheria hizo moja moja, utaona kwamba pale fedha na wajibu vilipowekwa wazi, mambo yalikwenda. Pale mwananchi alipoachiwa pipa la rangi la kutenganishia taka na nasaha tu, yalikwama.

Chukua amana ya chupa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986. Leo kila chupa au kopo la kinywaji lenye amana huuzwa na nyongeza ya senti 5, au senti 10 likiwa na ujazo wa aunsi 24 (karibu lita 0.7) na zaidi. Ukikirudisha chombo, unarudishiwa chako. Takribani vyombo 7 kati ya 10 hurudi, na kwa watu wengi wa kipato cha chini hiyo ni riziki. Kwenye vituo vya kupokelea, vingi vikiwa kandokando ya maegesho ya supamaketi, utawakuta wamepanga foleni na toroli zilizojaa mifuko myeusi ya makopo. Kwa kawaida mzigo hupimwa kwa uzito, ila sheria inampa mteja haki ya kutaka vyombo vihesabiwe kimoja kimoja, hadi 50 vya kila aina.

Tatizo ni vituo vyenyewe. Agosti 2019 kampuni ya rePlanet ilifunga vituo vyake vyote 284 kwa siku moja. Bei ya plastiki na alumini chakavu ilikuwa imeporomoka, gharama za uendeshaji zikipanda, na ruzuku ya jimbo haikuziba pengo. Kabla ya hapo China ilikuwa imefunga mlango: kuanzia 2018 ilikataa aina nyingi za taka kutoka nje, na California ilizoea kusafirisha ng'ambo takribani theluthi moja ya ilichokusanya. Supamaketi isiyo na kituo jirani ilitakiwa ipokee chupa yenyewe au ilipe dola 100 kwa siku, na maduka mengi yakaona nafuu kulipa. Mnunuzi akabaki anatozwa amana asiyokuwa na pa kuidai. Hili ni kosa la muundo, na kumwambia mwananchi abadilike hakulitibu.

Mifuko ya plastiki ina kisa chake. California ilipitisha marufuku mwaka 2014, na wapiga kura wakaiidhinisha Novemba 2016. Mifuko myembamba ilipungua katika taka zinazookotwa fukweni, na hilo lisibezwe. Lakini sheria iliruhusu mifuko minene iuzwe kwa senti 10 kwa hoja kwamba itatumika tena na tena. Watu waliitupa vile vile. Uzito wa mifuko iliyotupwa ulipanda kutoka tani 157,000 hivi mwaka 2014 hadi karibu tani 231,000 mwanzoni mwa miaka ya 2020. Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019 zilipiga marufuku mifuko ya kubebea bila kujali unene. California iliuziba mwanya huo kwa sheria ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika Januari 2026.

Kwenye mabaki ya chakula hoja za pande zote mbili zina uzito. Chakula kikioza jaani hutoa gesi ya methani, inayochangia sana joto la dunia, na sheria ya mwaka 2016 ilitaka taka zinazooza zinazofukiwa zipungue kwa asilimia 75 ifikapo 2025, ikilinganishwa na 2014. Lengo la kati la 2020 halikufikiwa. Juni 2023 Tume ya Little Hoover, chombo huru kinachokagua utendaji wa serikali ya jimbo, ilishauri utekelezaji usimamishwe kwa muda. Ugumu wa halmashauri ndogo ni wa kweli: baadhi ya maeneo ya milimani yalisamehewa kwa sababu mapipa ya mabaki huvuta dubu. Ila sheria hiyo hiyo inawalazimisha wauzaji wakubwa wa chakula watoe kinachofaa kuliwa badala ya kukitupa, na mwaka 2023 zaidi ya tani 200,000 ziliokolewa zikawafikia wenye uhitaji. Kusimamisha kila kitu kungewaumiza hao kwanza.

Sasa macho yako kwenye sheria ya vifungashio ya Juni 2022. Inawataka wazalishaji wapunguze vifungashio vya plastiki vya matumizi ya mara moja kwa asilimia 25 ifikapo 2032, na kuanzia 2027 wachangie dola milioni 500 kila mwaka kwa miaka 10. Machi 2025 Gavana Gavin Newsom alikataa rasimu ya kwanza ya kanuni kwa sababu ya gharama kwa biashara na familia. Wafanyabiashara wanasema bei zitapanda, na huenda kweli zikapanda. Lakini gharama hiyo ipo tayari: hulipwa na kila kaya kwenye ankara ya kuzolewa taka, pia na walipa kodi wa miji inayosafisha fukwe na mifereji, huku aliyechagua kifungashio halipi chochote. Msamaha kwa biashara ndogo ninauelewa. Msamaha mpana kwa vifungashio vya chakula, ambao wanaharakati wa mazingira wameulalamikia katika kanuni zilizoandikwa upya, siuoni ukitetewa kwa hoja ya gharama peke yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya plastiki itokayo dukani kila siku ndiyo hiyo hiyo.